Panya wa presha: ni mdadisi, au jirani yake ndo mpole?

Juzi nikiwa kwenye daladala narudi Mbweni, mama mmoja aliniuliza nasoma nini. Nikamjibu: panya wenye presha. Akacheka: "Kumbe na panya wana mawazo, mwanangu?"

Usicheke naye haraka. Makala nyingi za kisayansi nazo hukaribia kosa hilohilo.

Panya wenyewe wanaitwa SHR. Okamoto na Aoki waliwatangaza mwaka 1963 huko Kyoto, baada ya kuzalisha panya wa Wistar wenye shinikizo kubwa la damu, kizazi hadi kizazi. Ukimwachia SHR kwenye sanduku wazi asilolijua, huzunguka kuliko WKY, ndugu yake mwenye presha ya kawaida. Mwandishi mmoja ataandika: anachunguza sana. Mwingine: hatulii, hivyo anafaa kuwa mfano wa ADHD. Wa tatu: haogopi. Mizunguko ileile, majina matatu!

Hapo ndipo ninapogombana na makala hizi. Kamera inahesabu mita, haihesabu udadisi. Ukitaka kuniambia panya ni mdadisi, nionyeshe kwamba anakiendea kitu kipya na kukiacha alichokizoea. Kukimbia tu hakutoshi.

Tatizo la pili ni huyo WKY. Ni panya mzito, mwenye hofu, kiasi kwamba watafiti wa sonona humtumia kama mfano wa ugonjwa huo. Ukijilinganisha na aliyeketi, hata wewe utaonekana mwanariadha. Makala inayolinganisha SHR na WKY peke yake, bila panya wa kawaida wa tatu, isome kwa tahadhari.

La tatu ndilo zito zaidi. Edith Hendley na wenzake, huko Marekani, walichanganya mbegu za SHR na WKY, wakachagua watoto vizazi kadhaa. Wakapata ukoo mmoja usiotulia lakini hauna presha, na mwingine wenye presha lakini umetulia. Yaani vitu hivi viwili vinatenganishika. Presha haimfanyi panya ahangaike, na mahangaiko siyo lazima yalete presha.

Kwa nini nakusumbua na haya? Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta karibu watu wazima 3 kati ya 10 pale Ilala wana shinikizo la juu, na katika wenye tatizo hilo, hata mmoja kati ya watano hakufika aliyekuwa anajua. Sasa fikiria mtu anayeamini presha ni ya wenye mawazo na wasiotulia. Yeye ni mpole, analala vizuri, atapima ya nini?

Nilimwambia yule mama: yupo panya mtulivu kabisa, na presha yake iko juu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza wapi wanapima karibu na Tegeta.