Waliojua Kulisoma Wingu

Tarehe 20 Juni 1957, tornado iliupiga mji wa Fargo, North Dakota, nchini Marekani. Wapo waliojificha, lakini wapo pia waliosimama nje na kamera. Picha zao, zaidi ya 100, zilimfikia Tetsuya Fujita, Mjapani aliyekuwa akifanya utafiti Chuo Kikuu cha Chicago, naye akakaa nazo kwa subira ya mfumaji mikeka. Alitafuta mahali aliposimama kila mpigapicha, akazipanga kwa dakika, akapima mawingu moja moja hadi akaweza kuisimulia dhoruba nzima tangu mwanzo. Umbo moja lililoning'inia chini ya dhoruba ile alilipa jina: wingu la ukuta.

Hilo ndilo mchunguzi wa dhoruba wa Oklahoma au Kansas hulitafuta kwanza hadi leo. Hababaishwi na kilele, ingawa chaweza kupanda kilomita 15 angani. Macho yake yako chini, kwenye kitako cha wingu kisichonyesha. Akihisi upepo vuguvugu ukimpita kuelekea dhoruba, anajua ingali inapata chakula. Kisha sehemu moja ya kitako hushuka. Je, inazunguka? Itadumu, au ni vipandevipande vya wingu vinavyopeperushwa? Imeinamia mvua, au inaikimbia? Wingu refu mfano wa rafu, lililotangulia mbele ya mvua, humtisha mgeni kuliko yote, ilhali mara nyingi huleta upepo mkali usiozunguka. Wingu la ukuta huinamia mvua. Na kando yake pakifunguka upenyo mwangavu, hewa inayoshuka ikianza kulizingira, mchunguzi hushika redio na kutoa taarifa papo hapo.

Ustadi huu haukuwa wa maprofesa peke yao. Tangu miaka ya 1970, mpango wa Skywarn umewafundisha wakulima, wazimamoto, polisi na wapenzi wa redio za mawasiliano.

Mwaka 1973 watafiti waliifuata tornado ya Union City, Oklahoma, tangu kuzaliwa hadi kufa, huku rada ya Doppler, ipimayo mwendo wa upepo ndani ya dhoruba, ikiichungulia kwa mbali. Miaka ya 1990 rada hizo zikaenea Marekani nzima, zikaokoa maisha ya wengi; na hapo ndipo watu walipoanza kuamini kwamba jicho limestaafu. Halijastaafu. Dunia imepinda, na mwonzi wa rada hupanda kadiri unavyokwenda mbali. Umbali wa kilomita 100, hupita zaidi ya kilomita moja juu ya ardhi, juu ya pale pale ambapo wingu la ukuta huning'inia.

Leo wengi huinamia rangi nyekundu za rada kwenye simu, na mbingu yenyewe iko dirishani. Inauma kuona elimu iliyokusanywa kwa taabu hivyo ikigeuzwa tamasha la kukimbilia. Tarehe 31 Mei 2013, karibu na El Reno, Oklahoma, barabara zilisongamana magari ya wakazi waliokuwa wakitoroka na ya wafukuza dhoruba. Tornado yenye upana wa kilomita 4 hivi, iliyojifunika mvua, ikabadili mwelekeo na kuongeza kasi. Iliwaua mtafiti wa tornado Tim Samaras, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young. Samaras alisifika miongoni mwa wenzake kwa uangalifu, na hata yeye hakupata nafasi ya kuponyoka.