Pongezi kwa Watunza Majani wa Tshopo

Dawa ya miti shamba huanza na jina sahihi la mti. Gome likikosewa, anayeumia ni mgonjwa. Ndiyo maana nawapongeza watunza mimea wa Yangambi, katika Mkoa wa Tshopo, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kiasi cha kilomita 100 kutoka Kisangani ukiteremka Mto Kongo. Hapo ndipo kilipo kituo cha INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1933. Leo kituo hicho ni cha INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo. Hebaria yake ina vielelezo vipatavyo 150,000: majani, maua na matunda yaliyokaushwa, yakabandikwa kwenye karatasi na kuandikwa yalikotoka. Vita vya Kongo vilipita, karatasi zikabaki. Hiyo ni kazi ya watu, tena watu wavumilivu sana.

Nao watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanza mwaka 1963, huwaendea waganga na kina mama vijijini: mti gani, sehemu gani, hupikwaje, hupewa nani? Mganga hamtazami mgonjwa kama homa tu. Huuliza pia usingizi wake, chakula chake na amani ya nyumbani kwake. Maswali hayo yanastahili kuandikwa pamoja na jina la mti.

Njia hii ya kuanzia kwa mganga hufika mbali. Magome ya Nauclea pobeguinii, yaliyotumiwa na waganga dhidi ya malaria, yalipimwa maabarani, kisha kwa wagonjwa nchini Kongo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012.

Serikali na wafadhili, lindeni hebaria ya Yangambi. Na watafiti, mganga aliyewaonyesha mti apate sehemu yake.