Mfaa, Msumari na Jua la Saa Sita

Mgeni akifika Mji Mkongwe wa Unguja hutaka picha ya mlango mzima. Hurudi nyuma kichochoroni mpaka mgongo ugote ukuta wa pili, na bado kizingiti cha juu hakiingii kwenye kamera. Simlaumu, kwani milango ile ilichongwa ili mpita njia asimame. Ila ufundi ninaoupenda mimi huanza pale anapousogelea mlango mpaka usionekane tena wote, akabaki na kipande: mfaa uliosimama kati ya mbao mbili, mnyororo wa nakshi unaopanda na fremu, samaki aliyechongwa chini kabisa, aliyelainika kwa kusuguliwa na nguo za wapitao.

Kipande hicho kina mengi ya kusema. Kizingiti kilichonyooka ni cha mtindo mkongwe; tao la nusu duara lilikuja na ladha ya Kihindi katika karne ya 19. Misumari mikubwa ya shaba nayo husimuliwa kuwa ilitoka India, ambako ilizuia tembo wasisukume malango. Unguja haikuwa na tembo wa kuogopwa, hivyo shaba ikawa fahari ya mwenye nyumba. Msumari mmoja uliojaa kwenye picha, wenye kutu ya kijani shingoni na mng'ao kichwani, hunieleza biashara ya Bahari ya Hindi zaidi kuliko mandhari nzima ya bandari.

Na mwanga! Tumezoea kuambiwa tupige picha asubuhi au jioni, jua la utosini tuliache. Kwa uso wa mtu ni kweli. Lakini mlango umesimama wima. Jua la jioni likiuelekea moja kwa moja, hujaza kila shimo la patasi, na nakshi hulala bapa kama karatasi. Saa sita mchana, jua linapochungulia kichochoroni kwa muda mfupi, huteremka likiambaa na uso wa mbao. Hapo kila jani lililochongwa huangusha kivuli chake, na kina alichochimba fundi huonekana. Ukuta wa chokaa wa ng'ambo hurudisha mwanga kidogo, vivuli visiwe vyeusi tititi. Mpiga picha anayelijua hili huja mapema, hutoa salamu, huomba ruhusa ya wenye nyumba, kisha huketi barazani kusubiri. Kusubiri huko ndiko nusu ya kazi, na ndiko kunakomfundisha mlango unafunguliwa na nani na mkono hushika wapi.

Kuna sababu nyingine ya kuujali udogo. Beit el-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake Desemba 2020. Picha za jumba zima zimejaa duniani. Lakini seremala anayetakiwa kuchonga upya kipande kilichopotea, popote pale mjini, hawezi kupima ua kwenye picha iliyopigwa kutoka baharini. Anahitaji picha ya karibu, iliyonyooka, yenye rula pembeni, na maelezo ya mtaa, nyumba na upande wa fremu. Hiyo ndiyo picha ninayotamani kila msafiri mwenye kamera aipige walau moja, kisha aiache nakala kwa mwenye mlango.