Sifa za Fundi wa Cheche

Moto ikigoma mlimani kati ya Sake na Mushaki, kila apitaye ana jibu: CDI, kisanduku cheusi kinachoachia umeme wa cheche, imekufa. Ni rahisi kuisingizia, maana kisanduku hicho hakifunguki. Ndani kimemiminiwa gundi iliyoganda kama jiwe, na anayekivunja ajiandae kununua kingine.

Hapo ndipo ninapompenda fundi wa Masisi. Mafundi wa zamani walikuwa na platini, wakizipiga msasa na kuzirekebisha kwa bisibisi. Kawasaki H1 ilipotoka mwaka 1969 na mwasho wa elektroniki badala ya platini, nyingine zikafuata, na mkono ukakosa cha kushika. Fundi akabaki na njia moja: kukijua kisanduku kwa kuchunguza vyote vinavyokizunguka.

Anafungua buji, anairudisha kwenye kofia yake, anailaza juu ya chuma cha injini na kupiga kiki huku amekinga jua kwa kiganja. Cheche ikiwa ya buluu, yenye mlio, anahamia kwenye kaburateri. Ikiwa dhaifu, ya manjano, anakagua kofia na waya wa bobini, kwani kofia iliyolowa matope huvujisha umeme. Isipoonekana kabisa, wengi wangekimbilia duka. Yeye anachomoa waya mmoja tu, ule wa kuzimia injini unaotoka kwenye kontakti. Moto nyingi za zamani, zenye CDI inayolishwa na manyeto, huzimwa kwa kuelekeza umeme kwenye masi. Waya huo ukichubuka chini ya tangi na kugusa fremu, injini haiwaki hata upige kiki mpaka jioni. Cheche ikirudi, CDI haina kosa.

Ugonjwa mgumu ni ule wa joto. Asubuhi moto inawaka, ikipanda na magunia ya viazi inazima, ikipoa inawaka tena. Hapo anashuku kibobini kilicho kando ya volani, kinachoiamuru CDI iachie umeme. Uzi wake uliokatika hugusana ukiwa baridi, ukipata joto huachana. Kwa hiyo haweki mita mpaka injini ichemke. Subira hii sijaiona kwa kila mwenye gereji kubwa.

Shida ni malipo. Akifunga kifaa kipya, analipwa bila maneno. Akizungushia utepe waya uliochubuka, anaambiwa hakufanya kitu. Wenye moto wa Masisi na Walikale, mlipeni kwa kuujua ule waya.