Picha 36 za Asubuhi

Majira ya kaskazi, shakwe wa Bandari ya Al Hamriya huamka kabla ya mabaharia. Jahazi limefungwa gatini, injini bado imezimwa, limeshindiliwa matairi, majokofu na magari yaliyokwisha kutumika hadi ubavu umedidimia majini, safari yake Berbera au Bosaso. Na shakwe wamejipanga juu ya ukingo wake, midomo yote imeelekea upepo utokako. Nje ya uzio, upande wa Corniche ya Deira, mzee mmoja wa Kiunguja amelala kifudifudi juu ya kipande cha turubai. Kamera iko usoni, kidole kiko tayari, wala hapigi picha. Kuna mpita njia aliwahi kumsogelea na chupa ya maji, akidhani amezidiwa na jua.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sidhani kama walimfikiria mstaafu akijilaza kwenye saruji kwa ajili ya ndege mla vichwa vya samaki. Lakini zitazame picha zake. Ndege aliyepigwa na mtu aliyesimama huonekana mgongo tu, na nyuma yake sakafu. Ukishuka mpaka jicho lako likalingana na lake, sakafu hutoweka, hubaki maji, na jahazi lililo mbali huwa rangi ya kahawia isiyo na umbo. Ndipo unapomwona shakwe usoni, na ukishamwona usoni huwezi tena kumwita “ndege wale wa sokoni”.

Ami, ndivyo ninavyomwita, alikuwa karani wa mizigo hapohapo bandarini kwa miaka mingi. Picha alizipenda tangu utotoni Unguja, alipokuwa akisimama mbele ya Capital Art Studio, duka alilolifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, akitazama maharusi na wazee wenye vilemba waliowekwa dirishani. Kamera yake ya kwanza aliinunua Deira kwa mshahara wa kuhesabu magunia, na filamu zilikuwa ghali. Mkanda mmoja, picha 36. Ukiisha umekwisha, unaupeleka kusafishwa, unangoja, unalipa, na katika 36 pengine mbili tu zina ndege aliye wazi. Nyingine zina ncha ya bawa, nyingine zina mbingu tupu.

Uhaba ule ndio uliomfunza kazi. Kabla ya kubonyeza alilazimika kujua ndege atafanya nini, maana akikosea hana cha kufidia. Akajifunza kwamba shakwe hurukia upepo unakotoka, kwa hiyo mpigaji humngoja upande huo, si nyuma yake. Akajifunza kuwa yangeyange akinya, jiandae, yuko mbioni kuruka. Akajua saa ambayo wapishi wa majahazi humwaga makombo, na jahazi gani lina mpishi mvivu asiyemwaga mpaka adhuhuri. Leo ana kamera ya kidijitali ambayo kadi yake hubeba picha maelfu, na bado kila asubuhi hujiwekea 36. Zikiisha hufunika lenzi. Siku moja nilikuwa naye, mwewe mvua samaki akapita juu yetu na samaki mzima kwenye makucha, chini kabisa, jua likiwa mgongoni mwetu. Ami alikuwa amekwisha kumaliza zake. Nikamsihi apige, nani atajua? Akainua uso, akamfuata yule ndege kwa macho mpaka akapotea nyuma ya kreni. “Hiyo ya macho, mwanangu,” akasema.

Sisemi kila mtu ajifunge hivyo. Lakini nimewaona wapigaji wengi, na sijaona mwingine aliyeridhika namna ile.

Wanaodhani hii ni burudani ya starehe wajaribu Dubai mwezi wa Septemba. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, hewa nzito ya pwani hukivamia kioo cha lenzi, kikajaa ukungu, na ukikifuta unaupaka tu. Ndiyo maana Ami huiweka kamera kwenye buti, ipate joto njiani. Chumvi huingia kwenye viungo vya vifaa. Jua likishapanda, saruji huanza kutoa mazigazi, na ndege aliye umbali wa hatua hamsini hutetemeka ndani ya picha hata lenzi ikiwa ya bei ya nyumba. Kisha kuna weupe na weusi. Kamera ikiona ubavu mweusi wa jahazi hudhani kuna giza, huongeza mwanga, na shakwe aliye mbele yake hupoteza manyoya yote, kikabaki kipande cheupe. Mnandi naye, akipigwa juu ya maji yanayong’aa, huwa kivuli kisicho na jicho. Kanuni za bandari ni jambo jingine: ndani kamera haikaribishwi, na Ami, aliyefanya kazi humo, hahitaji kukumbushwa. Hubaki nje ya uzio, na akisogelewa hugeuza kioo cha kamera aonyeshe alichokipata. Shakwe. Shakwe tena.

Kipenzi chake hasa ni yangeyange wa pwani. Wako weusi wenye rangi ya risasi na wako weupe, jamii ileile moja, na mmoja wa wale weusi hupenda kusimama juu ya amari, kamba nene inayolishika jahazi. Jahazi likiinuliwa na mawimbi kamba hukaza, likishuka, hulegea. Mwili wa ndege hupanda na kushuka nayo, miguu ikikunjuka na kukunjika, lakini kichwa hakitikisiki hata unywele. Kipo palepale hewani, jicho la manjano limeelekea chini, kwenye ukanda wa kivuli kati ya ubavu na gati ambamo vidagaa hujificha. Kwa kasi ya sehemu 1 kwa 2000 ya sekunde, kamera inaweza kumkamata shingo imenyooka na tone moja linaning’inia mdomoni. Ila inakubidi uwe umebonyeza kabla hujaona. Ukingoja uone, umechelewa. Sijui nilielezeje zaidi ya hapo. Ni jambo linalokaa kwenye kidole cha mtu aliyemtazama ndege mmoja kwa miaka.

Na hicho ndicho kidole ninachokililia. Kamera za sasa hulitafuta jicho la ndege zenyewe, hupiga picha 20 na zaidi kwa sekunde, na mpigaji kazi yake ni kuchagua baadaye, nyumbani, akinywa chai. Si dhambi. Dhambi ni pupa inayokuja nayo. Siku za Ijumaa wapo wanaowatupia shakwe mikate ili wapate mabawa yaliyofunguka, wanaopiga makofi kuwarusha vitwitwi waliotua kupumzika, wanaomlizia ndege sauti ya mwenzake kwenye simu mpaka anazunguka kama aliyerogwa. Baadhi ya vitwitwi na jamaa zao hukaribia kuongeza uzito wao maradufu kabla ya safari ndefu. Ukimrusha kila dakika anaimaliza akiba aliyokuja kuijaza. Nairobi, Bi Fleur Ng’weno alianzisha mwaka 1971 matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, na vizazi vimefundwa pale kutumia macho na masikio kwanza. Hapa wengi huanza na kununua lenzi.

Linaniuma zaidi kwa kuwa ndege hawa ni wa kwetu pia. Majira yanayowaleta Ghuba ndiyo yaliyokuwa yakiwapeleka manahodha Lamu, Unguja na Rufiji, warudi na kusi wakiwa na boriti za mikoko zilizoezeka nyumba za kale za huku. Alan Villiers, baharia wa Australia, aliifanya safari hiyo na Wakuwaiti mwaka 1938 hadi 1939, akaipiga picha ilipokuwa inakaribia kufa. Binadamu wameiacha, ndege hawajaiacha. Shakwe wale wa kahawia wenye kichwa cheusi wanaozaliwa pwani za Arabuni hukusanyika mdomoni mwa mto Sabaki, Malindi. Kitwitwi mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi, hutaga yai lake moja ndani ya shimo la mchanga kwenye visiwa vya Ghuba, kisha huenda kula kaa Mida, karibu na Watamu. Huyo haji Al Hamriya. Ami humfuata mpaka Khor al Beida, Umm al Quwain, na humpiga picha bila ya kumsogelea.

Kuna watu humwambia ahamie Ras Al Khor, mwisho wa hori la Dubai, kwenye heroe wengi na vibanda vya kutazamia. Amekwenda, ameshukuru, amerudi. Yeye anataka ndege aliye kazini kati ya watu walio kazini.

Nyumbani kwake zimo albamu. Ukizipanga kwa miaka utaona shakwe ni walewale. Kinachobadilika ni kilicho nyuma yao. Za mwanzo zina bahari tupu mpaka upeo. Mwaka 2004 ukatangazwa mradi wa Palm Deira, na nyuma ya shakwe likazuka tuta la mchanga, kisha kreni, kisha majengo ya visiwa ambavyo tangu 2022 vinaitwa Dubai Islands. Soko la samaki la zamani lilifungwa 2017. Hakukusudia kuandika tarehe ya ufuo. Alikuwa akiwapiga ndege tu, na ufuo ukaingia. Vijana nao huwa na mandhari yaleyale nyuma ya ndege wao, ila programu ya simu huwafutia jengo kwa kidole kimoja, ikajaza maji mahali pake. Hizo ndizo picha zinazosambazwa na kusifiwa, na bahari iliyomo haikuwako siku walipozipiga.