Zege Tupu Chini ya Injini 33

Tangu Aprili 20, 2023, ubishi wa mruko wa Starship, roketi ya Elon Musk, uko angani: injini tatu zilizogoma, chombo kilivyobiringika, mfumo wa kujilipua uliochukua sekunde kama 40 kumaliza kazi. Mimi bado niko chini, jukwaani. Kosa la Boca Chica, ilikorushwa, lilifanyika kabla roketi haijanyanyuka, tena na watu waliojua wanachofanya.

Kuipandisha roketi ile ya mita 120 kwa mikono ya mnara ilikuwa kazi safi. Basi.

Sasa tazameni chini ya meza ya kurushia. Hakuna handaki la moto, hakuna mgongo wa kuugawa moto pande mbili. Ni zege tu, na juu yake msukumo unaokaribia maradufu ya ule wa roketi ya Saturn V. Elon Musk mwenyewe aliandika mwaka 2020 kwamba anatamani kufanya bila kigawa moto, akaongeza kwamba huenda likaja kuwa kosa. Bamba la chuma la kurusha maji lilikuwa linatengenezwa, halijawa tayari. Wangesubiri. Badala yake wakategemea jaribio la Februari 9, injini 31 zikiwaka kwa karibu nusu ya nguvu, wakaamua zege litahimili mruko mmoja. Nusu! Nani hupima daraja kwa pikipiki kisha akaruhusu malori?

Rudieni picha. Roketi inachelewa kunyanyuka, moto unachimba, mapande ya zege yanatua baharini. Gari la kamera la wapenzi wa roketi, walioliacha kuwapigia picha za karibu, linabamizwa nyuma na pande moja. Vumbi likafika Port Isabel, kilomita kadhaa kutoka pale. Moshi ulipotoweka, chini ya meza palikuwa shimo, nondo nje.

Najua mtaniambia ndiyo njia ya kujifunza. Wimbo huo nimeuchoka. Kujifunza ni kwa jambo lisilojulikana. Wala msinipe kisingizio kwamba handaki halichimbiki kwa kuwa maji ya ardhini yako karibu. Florida nako hayako mbali, na Kurt Debus na wahandisi wake hawakukata tamaa: jukwaa la 39A walilijenga juu ya kilima, handaki likapita katikati, kina mita 13, upana 18, urefu 137, kigawa moto kikiingizwa kwa reli. Saturn V ya kwanza ikaruka hapo Novemba 1967. Wazee wale walianza na swali la moto uende wapi, ndipo wakaja kwenye roketi.

Novemba 18, 2023, bamba likiwa limefungwa na maji yakibubujika, injini zote 33 ziliwaka Boca Chica na jukwaa likabaki zima. Ni bamba lilelile ambalo Aprili halikungojwa.