Uliza Kilichoingia

Juzi nimeona watu wakiisifu programu ambayo mimi ningeirudisha kwa mwenyewe papo hapo. Kijana kaandika lupu ya Python inayohesabu kutoka 0 mpaka ffff. Kila namba anaigeuza heksadesimali, anaipiga SHA-256, anaichapisha. Skrini ikajaa, watu wakasema kazi safi. Safi kwa kipimo gani? Heshi ya takataka na heshi ya kazi halali zote zina herufi 64, zote zimevurugika vilevile. Jicho haliwezi kuzitofautisha. Anayeijua kazi hii haangalii kilichotoka, anauliza kilichoingia.

Hapo ndipo wanagenzi wote hupotea. "00" ni nini? Ukiiacha kama stringi, ni baiti mbili, 0x30 na 0x30. Ukiipitisha kwenye bytes.fromhex, ni baiti moja ya sifuri, na heshi yake huanza na 6e340b9c. Nayo hex(0) haikupi "00", inakupa "0x0": herufi tatu, na ile x inapigwa heshi pamoja na wenzake. Ukiikata 0x unabaki na "0", ambayo heshi yake huanza na 5feceb66. Sifuri ni ileile, majibu ni manne! Kijana alikuwa na hilo la "0x0", wala hakujua kwamba yapo mengine. Fundi huamua kwanza anataka lipi. Kama ni stringi, anaandika format(i, "04x"), ili 1 iwe 0001 na urefu usiyumbe kati ya f na 10. Na herufi ziwe ndogo. Heksadesimali ya herufi kubwa ni kelele.

Ukijaribu kwenye terminali, heshi ya "abc" lazima ianze na ba7816bf. Ikitoka nyingine, echo imekupachikia mstari mpya mwishoni, tumia printf.

Mzee aliyenifundisha alizijua heshi kama hizo kwa kichwa. Nilimpelekea orodha ya mafaili, akapitisha kidole mpaka kwenye e3b0c442, akasimama. "Mwanangu, hapa hukusoma kitu." Kweli, hiyo ni heshi ya stringi tupu, faili lilikuwa halina hata baiti moja. Enzi zile za C tuliandika "%02x" wenyewe, baiti kwa baiti, na aliyeisahau ile 02 aliona mstari wake umepungua. Mkono ulijua. Sasa maktaba inafanya yote, na mkono haujui tena.

Matapeli nao wapo. Mmoja alikata heshi za kaunta zikabaki herufi 8, akaziuza kama namba za risiti zisizojirudia. Herufi 8 ni biti 32. Ukifika risiti 77,000 hivi, uwezekano wa mbili kugongana ni nusu kwa nusu. Wabaya zaidi ni wanaouza heshi ya namba za mfuatano kama siri. Mwaka 2014 data za teksi za New York zilitolewa, safari milioni 173, namba za magari zimepigwa MD5. Vijay Pandurangan akapiga heshi kila namba inayowezekana, akazifichua zote kwa chini ya saa 2. Vivyo hivyo, namba za simu za Tanzania zinazoanza na 06 na 07 hazizidi milioni 200. Kompyuta yangu ya mezani inazimaliza kabla wali haujaiva.